Kuku Aliyeitambua Protini

Sungura walikuwa wametuangusha. Hivyo ndivyo tulivyosema maabara, ingawa sungura wenyewe hawakuwa na kosa. Tuliwachoma sindano zenye kipande cha protini tuliyokuwa tukiichunguza, tukasubiri miili yao itengeneze kingamwili za kuikabili, kisha tukachukua damu kidogo na kuipima. Karibu hapakuwa na kitu. Tukarudia kwa sungura wengine, majibu yakawa yale yale. Mkuu wangu wa maabara, profesa mwanamama ambaye tangu nimjue hajawahi kupandisha sauti, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaniambia sasa tuache kuwasumbua viumbe wa watu.

Mama aliponiuliza kazi yangu hasa ni nini huko Morogoro, nilimweleza hivi. Kila seli ya mwili inazaliwa na amri ya kufa ndani yake. Ikichakaa au ikiharibika, amri inatoka, seli inajimaliza yenyewe kimya kimya, nyingine inachukua nafasi. Hatujui hata kama jambo limetokea. Lakini ndani ya uvimbe wa saratani kuna seli ambazo amri hiyo haizifikii, kwa sababu zina protini inayoizuia njiani. Zingepaswa kufa, hazifi, zinajazana. Sisi tulikuwa tukiichunguza protini moja ya namna hiyo, hasa katika saratani ya tezi.

Mama alifikiri kidogo. "Sasa mnataka kuziua hizo seli?"

"Wapo wanaotaka kuziua. Sisi kwanza tunataka kuona zinavyokataa kufa."

Na hapo ndipo kingamwili zinapoingia. Protini haionekani kwa macho, na darubini peke yake haiwezi kuitofautisha na maelfu ya wenzake. Inahitajika kitu cha kuing'ang'ania yenyewe tu, kisha tukipake kitu hicho rangi ili kituambie: iko hapa, na ni nyingi kiasi hiki. Kitu hicho ni kingamwili. Za kununua zipo, zinatoka nje, na tulikuwa tumekwisha kuziagiza. Zilitufikia barafu ikiwa imeyeyuka zamani, boksi lina uvuguvugu kama chai iliyosahaulika, na hazikushika chochote. Ndiyo maana profesa aliamua tutengeneze zetu.

Sungura walishindwa kwa sababu ambayo tungeweza kuifikiria mapema. Protini hiyo hata sungura anayo, na ya kwake inafanana sana na ya binadamu. Mwili wake uliiona kama jamaa aliyekuja kutembea, haukuona sababu ya kumfukuza. Profesa akasema tutafute mnyama ambaye undugu wake na sisi ni wa mbali zaidi. Ndivyo tulivyofika kwa kuku. Na kuku ana neema nyingine. Kingamwili anazotengeneza anaziweka pia kwenye kiini cha yai, ziwe kinga ya kifaranga. Huna haja ya kumtoa damu. Unamchoma, unamlisha vizuri, unasubiri atage.

Banda lilipatikana kwenye kituo kidogo cha mifugo nje ya mji wa Kilosa, safi, lenye neti na sakafu ya saruji, likiwa tupu. Kibali cha kutumia wanyama kilipotoka, profesa alinitazama mimi. Sikumlazimisha aseme. Mimi ni mtu wa Kilosa. Nilikulia Magomeni ya hapo hapo Kilosa, kwenye nyumba aliyoijenga babu mzaa baba baada ya kustaafu kazi ya reli, na mama yangu, ambaye kwao ni kijiji cha Tindiga, bado anaishi humo. Nikafunga begi nikarudi kulala kwenye chumba changu cha zamani.

Zilikuwa wiki nzuri. Asubuhi nilikwenda kituoni kabla jua halijakolea, nikawakagua kuku mmoja mmoja, nikaokota mayai na kuyaandika kwa penseli: herufi ya kuku na tarehe. Kila baada ya muda niliwachoma sindano nyingine ya kuikumbusha miili yao protini ile. Mayai niliyapeleka Morogoro kwa treni ya umeme, nimeyapakata kwenye trei, na abiria wenzangu waliniuliza kama kwa mama yangu kuna harusi. Maabara nilitenganisha kiini na ute, nikakichanganya na maji, nikakiweka kwenye baridi mpaka mafuta yatuame chini na maji ya juu yabaki angavu. Kingamwili zimo kwenye maji hayo. Ukiyatia chumvi maalumu zinajikusanya, unazichota, unazipima.

Kuku wengi hawakutoa cha maana. Mmoja alitoa. Alikuwa mtetea mwekundu mwenye kidole kilichopinda, mkorofi, anayewadonoa wenzake kwenye bakuli la maji. Kingamwili za mayai yake ya mwanzo zilionyesha mstari hafifu kwenye picha ya kipimo, mahali ambapo protini yetu inapaswa kuwa. Ulikuwa hafifu kiasi kwamba profesa aliutazama kwa upande, kisha kwa upande mwingine, akasema huenda ni kitu, huenda ni uchafu. Tukakubaliana nimwongeze sindano moja, nisubiri, kisha nikusanye mayai yake yote na kuyaleta pamoja kwa kipimo kikubwa.

Niliyakusanya. Nikayaweka kwenye jokofu la mama, rafu ya chini, nikisubiri siku ya safari.

Siku moja kabla ya kuondoka nilirudi kutoka kituoni mchana, nikaikuta pikipiki ya kaka yangu uani. Kaka ndiye ndugu yangu pekee. Ana karakana ya kuziba na kubadilisha matairi Mikumi, kando ya barabara kuu, malori ya mizigo yanaposimama. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado shule, na ni mikono ya kaka, yenye weusi wa mpira usiotoka kwa sabuni yoyote, iliyonisomesha mpaka chuo. Nilimwamkia, akaitikia. Alikuwa kwenye mkeka barazani, mbele yake sahani tupu iliyobaki na mafuta ya kukaangia na punje za pilipili.

Sijui ni nini kilinipeleka moja kwa moja kwenye jokofu. Trei ilikuwa tupu.

"Mama, yale mayai ya rafu ya chini?"

"Nimemkaangia kaka yako, na mengine nikampelekea jirani mwenye mgonjwa."

"Lakini yalikuwa yameandikwa."

"Niliona. Nikajua umeyaandika nisiyachanganye na ya kwangu. Sasa ya kwangu yalikuwa yamekwisha."

Hayakuwa na madhara. Yai la kuku huyo ni yai kama lolote, na hilo nilimhakikishia mama alipoanza kuogopa. Lakini ilikuwa kazi ya wiki nyingi, na iliyeyuka kwenye kikaango. Nikatoka barazani nikiwa nimejaa maneno, nikikusudia kumwambia kaka alichokula. Mama akanifuata nyuma akijitetea kwamba mtu ametoka mbali, na nitazame alivyokonda, asingeweza kumpa ugali mkavu.

Nikatazama. Alikuwa amekonda kweli. Aliinama kuchukua kikombe cha chai, kola ya shati ikafunguka, na chini ya taya la kushoto nikaona uvimbe wenye ukubwa wa ndimu, na pembeni yake mwingine mdogo. Maneno yote ya mayai yakaniishia.

"Kaka, hiyo shingoni ni nini?"

"Tezi tu. Ilianza na mafua, ikanogewa."

Nilikaa kando yake nikamwomba niiguse. Haikumuuma. Nikamuuliza kama ana homa, akasema inakuja na kuondoka. Nikamuuliza kuhusu jasho la usiku. Mama ndiye aliyejibu, kwamba kaka amemsimulia jinsi usiku wa jana shuka lake lililowa mpaka akalianika. Uvimbe usiouma, kukonda, homa, jasho la usiku. Maneno hayo niliyajua kama ninavyoijua sura ya fatiha. Niliyasoma kila siku katika makala za kazi yangu, na kila mara yalikuwa ya watu nisiowajua.

Mama alikuwa akinitazama usoni. "Si ndiyo kazi yako hiyo?" akasema. "Mpime."

Kaka akacheka. Akasema hata yeye alikuwa akiwaza hivyo, nimchome hiyo kinga yangu tuone itakavyokuwa, na kwa kuwa amekwisha kula mayai yenyewe, labda ameshapona. Mimi sikucheka. Nilimweleza polepole, na nilijisikia nikijieleza mwenyewe pia.

"Kingamwili zangu si dawa, kaka. Wala si kipimo cha hospitali. Bado sijui hata kama zinaona kweli ninachotaka zione. Nikikupima kwa kitu nisichokiamini, nitakuwa nakudanganya."

Akageuza kikombe mkononi. "Kwa hiyo na wewe hujui."

"Sijui. Na wewe hujui. Twende kwa anayejua."

Alikuwa na sababu zake za kutokwenda. Malori ni mengi, kijana wa kumwachia karakana hayupo, duka la dawa lilimpa vidonge na anavimaliza. Alizitaja taratibu, na nikaelewa kwamba alizipanga zamani, tangu siku aliyojitazama kwenye kioo cha pikipiki. Mama alinitangulia kumjibu. Aliongea naye Kisagara, lugha anayoirudia akiwa na hofu, sentensi chache tu. Mimi Kisagara nakisikia nusunusu, lakini hilo nililisikia lote. Alimwambia kwamba katika nyumba hii amekwisha kumzika mwanamume mmoja aliyesema maumivu yataondoka yenyewe.

Kaka akaweka kikombe chini. Akasema sawa, tutakwenda.

Tulikwenda hospitali ya kwao Mikumi, mimi na yeye. Daktari alikuwa kijana mtulivu aliyemwita kaka "mzee wangu" na kumweleza kila hatua kabla ya kumgusa. Wakampima makohozi, hayakuonyesha kitu. Wakampima damu, na virusi vya UKIMWI, akaonekana hana. Wakavuta majimaji ya tezi kwa sindano, yakawa machache mno. Daktari akasema itabidi watoe kinyama, yaani wapasue kidogo na kuchukua kipande cha tezi, kipelekwe hospitali kubwa kutazamwa na wataalamu, na majibu yatachukua muda. Kila kipimo kilichotoka bila kitu kilinipunguzia matumaini, kwa kuwa nilikuwa nikiomba kimoja kiwe na kitu, chochote kingine kisichokuwa kile nilichokifikiria. Kaka alitoka chumba cha upasuaji na bandeji shingoni, akaniuliza kama nina njaa, tukaenda kula wali na maharage. Alikula sahani nzima. Mimi nilizungusha kijiko.

Kisha tukasubiri. Nilirudi Kilosa, na kule nikakuta jambo jingine la kusubiri. Yule mtetea mwekundu alikuwa akinyonyoka manyoya. Kuku akinyonyoka haachi kula wala kuwadonoa wenzake, lakini kutaga anaacha. Nilimpigia simu profesa, nikamwambia yaliyotokea kwa mayai, nikamwambia na ya kaka. Kuhusu mayai alisema kuku yupo, yatapatikana mengine. Kuhusu kaka aliniuliza kama nalala. Nikasema nalala. Akasema, "Usisome makala yoyote wiki hizi. Kaa na mama yako." Lilikuwa agizo, na nililishika.

Nilikaa na mama. Nilikwenda naye Tindiga kwenye shamba lake la mpunga, tukapalilia tumeinama mpaka kiuno kikakataa. Hakuniuliza tena kuhusu seli. Aliniuliza jambo moja tu, siku moja tukiwa tumekaa kwenye tuta tukinywa maji. Aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kuugua ugonjwa huo na asife. Nikamwambia ni kweli, wapo wanaopona, na dawa zipo. Akatingisha kichwa, akafunga kitambaa vizuri, akarudi ndani ya mpunga.

Siku daktari alipopiga simu kwamba majibu yamefika, nilipanda basi dogo la asubuhi kwenda Mikumi. Kaka alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa. Tuliingia pamoja. Daktari alifungua karatasi, akaisoma kwanza kwa macho, kisha akasema tezi imeonyesha kifua kikuu.

Nikamwomba arudie.

"Kifua kikuu cha tezi," akasema. "Hakikukaa kwenye mapafu, ndiyo maana makohozi hayakukionyesha. Saratani haikuonekana."

Nilifunika uso kwa mikono, nikasikia sauti ikinitoka, na sikujua kama nalia au nacheka, vyote viwili vilikuwemo. Nilipoinua kichwa kaka alikuwa amenikazia macho, ameumia.

"Mdogo wangu, kifua kikuu unakichekea?"

Kwake hiyo ilikuwa habari mbaya. Kifua kikuu alikuwa akikijua, alimwona mtu akikohoa mpaka akaisha, na alikuwa tayari anawaza wateja watasema nini. Nikamshika mkono. Nikamwambia ndugu yangu, hiki kina dawa, dawa iko hapa hapa, dirisha lile pale, unakunywa miezi sita bila kuruka na kinakwisha. Nikamwambia na kile nilichokuwa nikikiogopa, ambacho sikuwa nimewahi kumtamkia kwa jina. Alisikiliza. Rangi ya uso wake ilibadilika taratibu kadiri alivyoelewa alichopishana nacho.

"Na hukuniambia," akasema.

"Sikuwa najua."

Daktari alituacha tumalize. Kisha akamweleza kaka habari ya vidonge, kwamba mkojo utakuwa mwekundu asishtuke, na kwamba cha tezi peke yake hakiambukizi wa nyumbani, hana sababu ya kutenga vikombe. Nilipompigia mama simu uani, alisema alhamdulillahi, akasema tena, kisha nikasikia kwa mbali akimsimulia jirani.

Baada ya hapo mambo yalianza kulainika. Mtetea alirudisha manyoya mapya, mekundu kuliko ya kwanza, na asubuhi moja nikakuta yai kwenye kiota chake, dogo, lenye damu kidogo juu ya ganda. Yaliyofuata yakawa ya kawaida. Safari hii niliyalaza kwenye jokofu la kituo, na mama mwenyewe alinisifu kwa uamuzi huo.

Kipimo kikubwa nilikifanya Morogoro, profesa akiwa ofisini kwake mlango wazi. Protini za seli za uvimbe hutenganishwa kwenye jeli kwa umeme, kubwa zinabaki juu, ndogo zinashuka, kisha zinahamishiwa kwenye utando mweupe na kumwagiwa kingamwili. Kwenye njia ya kwanza, yaani mfereji mmoja wa jeli, niliweka seli zenye protini yetu kwa wingi. Kwenye njia ya pili niliweka seli za aina ile ile ambazo protini hiyo tumeiondoa kwa makusudi. Hiyo ya pili ndiyo niliyoiogopa. Kingamwili mbovu huonyesha mstari kote kote, hata pale ambapo hakuna cha kuonyesha.

Picha ilipotokea kwenye kioo cha mashine, njia ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja, mweusi, mahali pake hasa. Njia ya pili ilikuwa tupu, nyeupe kabisa. Niliiangalia njia hiyo tupu kuliko nilivyouangalia mstari. Nikamwita profesa. Alikuja, akavua miwani, akaivaa tena, akaitazama picha kwa upande wake wa kawaida.

"Hii si uchafu," akasema.

"Si uchafu."

"Haya. Nenda nyumbani ukalale, kesho utakirudia kipimo tuhakikishe."

Nikakirudia kesho yake, na wiki iliyofuata kwa mayai mengine, majibu yakashikilia pale pale. Baadaye tulizijaribu kingamwili hizo kwenye vipande vyembamba vya uvimbe chini ya darubini, na rangi ya kahawia ikajaa kwenye seli zile sugu, pembezoni mwa kiini cha seli, mahali tulipokuwa tukikisia miaka yote kwamba protini hiyo hukaa. Mwanafunzi wetu mmoja sasa anazitumia katika utafiti wake. Bado si dawa, na bado si kipimo cha mgonjwa. Ni namna ya kuona, na kabla yake hatukuwa nayo.

Dozi ya kaka ilipofika ukingoni nilikwenda Mikumi kumwona. Shingo ilikuwa nyembamba, imebaki alama ndogo ya mshono inayofichwa na kola, na mkanda wa suruali alikuwa ameurudisha tundu la zamani. Wateja hawakumkimbia. Mmoja, dereva wa masafa, alimwambia kwamba hata yeye alikunywa vidonge hivyo hivyo, na tangu siku hiyo wameshakuwa kama ndugu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya karakana, akaagiza chai kwa mama lishe wa jirani, akaniuliza kama protini yangu niliipata.

Nikamwambia niliipata.

"Sasa umemaliza?"

"Hapana. Sasa ndiyo naweza kuanza."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyesikia habari ya gari lililotengemaa. Lori likaingia likichechemea, tairi la nyuma limepasuka, na dereva akateremka akimwita fundi. Kaka alinyanyuka, akakunja mikono ya shati, akaubeba mtarimbo begani bila kukunja uso. Mimi nilibaki kitini nikimwangalia anavyofungua nati, moja baada ya nyingine, kwa nguvu zake zote.